Goti la Beki wa Kushoto

Kijiko kiligonga kikombe. Kikanyamaza, kisha kikagonga tena, polepole, kama cha mtu anayekoroga huku akiomba asisikike. Loyce alifumbua macho gizani. Hata jogoo wa kwanza alikuwa bado. Alipapasa upande wa pili wa kitanda, akakuta shuka limelowa jasho na mwenyewe hayupo.

"Baba Imma?"

"Lala tu. Nasukutua mdomo."

Nani asukutuaye mdomo kwa kijiko? Loyce aliwasha tochi ya simu, akapita kando ya binti yao Immakulata aliyelala mkekani, akaingia chumba cha mbele. Mumewe Castory alikuwa ameketi kwenye kigoda, magongo yameegemezwa ukutani, kikombe cha maji ya chumvi mkononi. Goti lake la kushoto lilikuwa limefungwa soksi ndefu ya njano, ile ya timu yake ya zamani, Nyota ya Milimani. Soksi ilikuwa imelowa. Harufu ikamfikia Loyce kabla hajauliza kitu, akaijua. Ni ile ya kuku aliyefia chini ya uchaga, mkamtafuta siku tatu.

Goti lile lilikuwa na habari yake. Miaka tisa iliyopita Castory alikuwa beki wa kushoto, na hakuna winga Kasulu nzima aliyelala usingizi mzuri siku ya kukutana naye. Wakacheza na watu wa Kibondo, goti likavunjika. Viongozi wake walimchoma sindano ya ganzi pembeni ya uwanja, wakamrudisha ndani, akakimbia na mfupa uliovunjika dakika ishirini. Baadaye akawekewa chuma cha kutolewa baada ya mwaka. Mwaka haukuisha, timu ikashuka daraja, viongozi wakabadilisha namba za simu, na chuma kikabaki. Loyce aliolewa naye akiwa tayari na magongo. Wanawake wa Heru Juu walimcheka kisimani: "Wenzio wanaolewa na wanaume, wewe umeolewa na picha ya ukutani." Naye alicheka nao, maana picha ile ilijua kumbembeleza mtoto.

Sasa hakucheka. "Kidonda kimeanza lini?"

"Jana. Nimejigonga na mpini wa jembe."

"Jana na harufu hii?"

"Jasho la soksi hilo, mama."

Alimgusa paji la uso. Liliwaka kama kikaango. "Twende hospitali."

"Siendi. Reverien alikwenda na miguu miwili."

Reverien ndiye winga wa Kibondo aliyegongana naye siku ile, wakaja kuwa marafiki wa kutembeleana. Mwaka jana goti lake nalo lilivimba, akachelewa, hospitali wakamkata mguu kwenye paja. Wiki ya pili walimzika Mabamba. Loyce alipika kwenye msiba ule, akaona mjane akizunguka sufuria kama hajui ni ya nini. Tangu hapo, kila Castory alipokohoa usiku, yeye alihesabu pumzi zake.

"Reverien alichelewa," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Usiponiruhusu nikupeleke, nitapiga yowe hapa mpaka mtaa mzima uje ukubebe."

Castory akanyoosha mkono kuomba magongo.

Benedicto wa bodaboda alifika kukipambazuka, akiwa amejifunga taulo shingoni kwa baridi ya Agosti. "Mwakeye, beki," alimwamkia kwa Kiha. "Leo kocha kakuweka benchi?"

"Endesha, mdomo utaota ukungu," Castory alimjibu, lakini meno yake yalikuwa yanagongana.

Immakulata alikaa mbele kwenye tanki kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia. Loyce alikaa nyuma kabisa, amemkumbatia mumewe. Njia nzima ya kushuka mjini kichwa cha Castory kilimlalia begani, kizito, kikizidi kuwa kizito. Alimwita kila kona. Kwenye kona ya daraja hakuitika. Loyce alimfinya ubavuni kwa nguvu zote, ndipo akaguna.

Hospitali, Daktari Asia, mgeni aliyehamishiwa kutoka pwani, alifungua soksi taratibu. Maji ya chumvi ya usiku yalikuwa yameosha usaha na harufu. Kilichobaki kuonekana ni tundu dogo kama punje ya hindi.

"Nisikilize, kaka yangu," alisema. "Picha ya mfupa hapa leo hakuna, kwa hiyo nategemea maneno yako. Kama kidonda hiki ni cha jana, ni ngozi tu, nawe una malaria juu yake. Nitakupa dawa, utarudi Jumatatu. Kama kimetoa usaha kwa wiki nyingi, uchafu umefika kwenye chuma. Basi unapanda gari la wagonjwa la saa tatu kwenda Kigoma, wakifungue leo. Ukilikosa, mguu sikuahidi. Na roho sikuahidi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro dakika kumi.

"Kimeanza lini?"

"Jana, daktari. Jembe."

"Baba Imma," Loyce alinong'ona, "mwambie ukweli, nakuomba."

Castory alinyanyua kidole gumba. Loyce alikijua kidole kile. Wachezaji wote wa Nyota walifunzwa hivyo: ukianguka, kinyanyue kabla machela haijafika, maana asiyekinyanyua hutolewa, na akishatolewa nafasi yake ina mwenyewe. Mwanaume huyu alikuwa amelala chini miaka tisa na bado anaogopa kutolewa.

Daktari aliinamia karatasi, akaanza kuandika dawa. Loyce alitaka kumshika mkono asiandike, lakini angesema nini? Harufu aliijua, tarehe hakuijua. Mumewe alikuwa amemficha, na nje injini ya gari ilikwisha kuwashwa.

Ndipo alipomwona Immakulata. Mtoto alikuwa ameegemea kitanda cha baba yake, anaitazama soksi ya njano sakafuni, machozi yamemjaa. Castory naye aliona. Akamtikisia kichwa, kidogo sana, akaweka kidole midomoni.

"Imma," Loyce alisema, "mama, kama unajua kitu, sema. Hakuna atakayekupiga."

Mtoto alimtazama baba, akamtazama daktari, akavuta pumzi.

"Kidonda cha Baba kilikuwepo tangu Pasaka."