Dada Yangu na Ubao wa Kupimia Maji

Uliona. Usiniambie hukuona, jirani. Ulikuwa dirishani, ukafunga vioo kwa sababu ya vumbi la malori.

Dada yangu aliajiriwa kusoma mto. Saa moja kila asubuhi alishuka ukingoni, akatazama ubao wenye namba uliosimikwa majini, akaandika kina. Miaka kumi na tisa. Watu wa bondeni walisubiri namba yake wajue lini wahamishe watoto. Mimi, ambaye shule ilinishinda mapema, nilijifunza kusoma kwenye madaftari yake.

Nami nilipakia mchanga. Tuling'oa mikuyu iliyoshika ukingo kwa mizizi, tukafyeka matete, mashine ya kuchimba mchanga ipate njia. Kuta za udongo zilizotobolewa viota na ndege mdiria ziliporomoka na makinda ndani. Dada alinikuta kivulini mwa lori.

"Mnauchokonoa mto, kaka. Utahama, na hautawaaga."

Nikamwambia auandikie barua ya onyo. Wenzangu walicheka hadi wakapaliwa.

Mvua zilipokuja, mto uliikata kona kwa siku mbili, ukapita katika shimo letu. Maji yakashuka kidogo: ubao umebaki ng'ambo, kwenye mkono wa zamani wa mto. Na mpaka wa nchi, walisema wakubwa, hufuata mkondo wenye kina; ubao sasa ulikuwa nchi ya pili. Juu milimani mawingu yalikuwa bado meusi, na bondeni hakuna aliyekuwa na namba.

Asubuhi ya tatu dada akavuka, maji kifuani, daftari kichwani. Askari wa upande ule, kijana tu, akamwamuru arudi.

"Nimekuja kusoma maji, mwanangu, sijaja kuhamia kwako."

Nilicheka. Nilikuwa na koleo mkononi, nikacheka.

Risasi ya kwanza ilipita shingoni. Ya pili sijui ilikuwa ya nini. Alikuwa ameshapiga magoti. Mkondo ukamleta mpaka shimoni kwetu, na mashine, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ikamshika mkono. Nilimkomboa kwa koleo lilelile. Mkono ulibaki kwenye mashine.

Taarifa ilisema aliingia nchi ya watu bila kibali. Mwenye mashine akatupa nusu siku ya msiba.

Bado inachimba. Jana nilipima: shimo liko hatua arobaini kutoka ukuta wa shule ya wanao. Pole zako sizitaki. Lori la kwanza linashuka sasa hivi, nami nimeshalala barabarani. Vaa viatu, uje ulale hapa kando yangu.