Pipa la Wekundu

Jua lilikuwa limesimama utosini, na katika machimbo yale ya kokoto hapakuwa na kivuli cha kumstiri hata mjusi. Kobe alikuwa amechuchumaa kando ya pipa la maji, anatoa kipande cha jiwe ukuchani kwa ncha ya msumari. Jina la Kobe alipewa kwa mwendo wake. Akili alikuwa nazo za kumtosha. Alipoinua macho alimwona shemeji yake, kaka wa mkewe, anapanda kutoka bondeni kifua wazi, kizibao chake cha kijani amekikunja kwapani.

"Shemeji," aliita tangu mbali, midomo imebabuka. "Nichotee kopo moja tu. Pipa letu limekauka tangu saa nne."

Vizibao vililetwa mwaka uliopita. Mtunza stoo alifungua furushi la vyekundu, akagawa mpaka likaisha, kisha akafungua la kijani. Basi. Kobe ndiye aliyepata chekundu cha mwisho. Shemeji yake, aliyesimama nyuma yake kwenye foleni, akapata cha kijani. Siku hiyo walitaniana njia nzima kurudi nyumbani, maana walikaa nyumba moja. "Umependeza kama mchicha," Kobe alimwambia.

Wiki moja kabla ya vizibao kuletwa, wavunja mawe wote walikuwa wameweka nyundo chini kwa pamoja, wakidai lile jabali lenye ufa liangushwe kabla halijaua mtu. Vizibao vilipokwisha kugawiwa, nyapara alitangaza kwamba rangi itakayovunja mawe mengi itafanya kazi uwanda wa juu na kuletewa maji kwanza. Itakayoshindwa itashuka chini ya jabali. Habari ya mgomo ikafia hapo. Wekundu walishinda wiki ya kwanza kwa bahati, na zilizofuata kwa sababu mwenye maji hapigi nyundo sawa na mwenye kiu. Punde wakaanza kusema kijani ni wavivu wa kuzaliwa. Kobe naye alisema. Alisema hata nyumbani wakati wa kula, shemeji yake akiwapo, na akacheka peke yake.

Sasa alishika kopo. Mkono ulikwisha kuzama majini pale Nundu, kinara wa wekundu, aliposimama.

"Huyu mbona amevua kizibao?"

"Nimekuja kwa shemeji yangu," alisema yule. "Nimekivua kwa heshima, ndugu zangu. Sikuja na rangi."

"Amekivua atuibie! Na juzi pipa letu lilipasuliwa na nani, kama si nyinyi?"

Lilipasuliwa na gari la maji, likirudi nyuma. Kobe alikuwapo, aliona kwa macho yake. Akautoa mkono majini.

Wekundu wakamzunguka mgeni wao. Nundu akaokota mpini wa nyundo, akamtupia Kobe. "Anza wewe, mwenye undugu. Au tukuvue na wewe?"

Shemeji hakuwa na hofu bado. Alikuwa anaangalia kopo.

Kobe alipiga bega. Alikusudia bega, alijiapiza hivyo baadaye, pigo moja la kumaliza maneno. Lakini lile la kwanza ndilo lililokuwa ruhusa. Buti zikaingia mbavuni, mtu akaja na jiwe la kushikwa kwa mikono miwili, na taya likalia kama ukuni mkavu. "Shemeji," aliita yule kutoka chini, mara mbili, "shemeji." Kobe akapiga tena, safari hii si begani, na Mungu amsamehe, alisikia raha. Kizibao cha kijani kilikanyagwa hadi kikafanana na udongo.

Nyapara alikuwa barazani kwa ofisi na kikombe chake. Alishuka kelele zilipokwisha, akamgeuza mtu yule kwa ncha ya kiatu.

"Ameanguka kwenye mawe," alisema. "Mmesikia? Mpelekeni zahanati." Kisha akawapitisha macho, akamkazia Kobe. "Kijani wamepungua. Kesho wekundu watano watashuka kwenye jabali. Wewe wa kwanza."

"Bosi, sisi si ndio tulioshinda?"

"Na nimewapongeza."

Jioni, uani, mkewe alikuwa ameinamia beseni, anamfulia Kobe kizibao. Karibu naye, kwenye kigoda, sahani ya kaka yake ilikuwa imefunikwa. Kobe aliketi kizingitini, mikono katikati ya magoti.

"Mbona leo hiki kizibao kinachuja rangi?" mkewe aliuliza. "Mwaka mzima hakijachuja."

Kobe alikwangua ukucha kwa kidole gumba.

"Na kaka je, amekwama wapi? Hamkuja pamoja?"

"Wao hutoka baadaye."

"Wao nani?"

"Wa kijani."

Mkewe akasonya. "Nyinyi na rangi zenu!" Akamwaga maji yale, akatia mengine, nayo yakawa mekundu. Mwisho alichoka, akakikamua na kukianika. Kilidondosha matone juu ya viatu vizuri vya kaka yake, alivyovisugua asubuhi na kuviacha chini ya kamba vikauke.

Mlangoni wanaume wakapiga hodi, kwa sauti za chini.

"Ndiye huyo," alisema mkewe, akajifuta mikono, akaenda kufungua.