Firigisi ya Shosho Wamucii

Mwaka wa tisini na nne hakukuwa na fundi wa kubomoa wa kunishinda mimi Shiundu, Laini Saba nzima pale Kibera, na anayebisha aje nimwonyeshe mikono. Ndiyo maana Chege alinifuata mpaka huko. Alitaka nibomoe nyumba ya marehemu babake kule Kawangware, nyumba ya enzi ya mkoloni, veranda mbele, zizi na vyumba vichache nyuma, ya tangu Kawangware ilipokuwa mashamba matupu. Hapo ajenge vyumba kumi vya kukodisha.

"Saa kumi nikija nikute kiwanja," akasema. Hakuniambia kwamba mamake bado anaishi ndani.

Asubuhi tulipofika mimi na mwenzangu Khamala, bibi kizee mwenyewe, Shosho Wamucii, mamake Chege, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mnanitoa niende wapi?" akauliza. "Nimeolewa humu, nimezaa humu. Nataka nifie humu."

Moyo wangu si jiwe, lakini kazi ni kazi. Nikamwambia, "Shosho, hayo mwambie mwanao," nikapanda juu. Kufikia saa saba tulikuwa tumeng'oa mabati manane, na yeye hakupiga kelele hata kidogo. Alikuwa jikoni. Halafu akatuita tule.

Kuku, jameni. Kuku wa kienyeji, mchuzi umetulia, na ugali mgumu wa kushiba. Sisi Waluhya hapo hatukaribishwi mara mbili. Nilikula bila kuangalia sahani, mpaka nikaona Khamala ameacha kutafuna.

"Shiundu, umekula nini?"

"Kuku."

"Umekula firigisi."

Hapo ndipo nikaangalia sahani. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, mwingine haigusi hata awe na njaa ya wiki. Na ukitengewa na mama wa boma mwenyewe, ukaila, basi boma liko mabegani mwako. Sasa mwenye nyumba atajibomolea vipi, na mama yumo ndani?

Khamala alicheka akashika mbavu. "Karibu kwako, mzee," akaniambia. Nilitaka kumzaba kofi, nikajikuta nacheka naye mpaka machozi.

"Shosho, umeniwekea makusudi?"

"Vile vyumba vya nyuma nimepangisha Waluhya miaka ishirini," akasema, akiniongezea mchuzi. "Kula, baba."

Tukapanda tena. Tukarudisha mabati yote manane, palipotoboka tukaziba kwa lami, tukiimba kama watu wa harusi. Majirani wakaja kutuangalia. Sijawahi kufurahia kazi hivyo, na sikuwa nalipwa.

Saa kumi Chege akatokea.

"Kiwanja kiko wapi?"

"Mwenye nyumba amekataa," nikamjibu kutoka juu.

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Kwa leo ni mimi."

Akanitukana, akaingia ndani kwa hasira kumtoa mamake. Nikashuka mbio, nikamfuata, matusi yangu nimeyapanga vizuri. Nikamkuta amesimama katikati ya chumba. Sakafuni kulikuwa na beseni sita, na moja juu ya kitanda.

"Mama, hizi ni za nini?"

"Za mvua."

"Inavuja tangu lini?"

"Tangu uache kuingia."

 Chege alizihesabu zile beseni kwa macho, kisha akarudia. Mimi nikameza matusi yangu. Mwishowe akavua koti, akaniuliza nyundo iko wapi, na bati linalovuja juu ya kitanda ni lipi.