Mawe ya Manjano ya Aslani

Mume wangu Argyris ana bucha hapa Palioklisi, na ana mbwa wa kuwindia, Aslani, anayempenda kuliko ndugu zake wote wa kuzaliwa. Simlaumu. Ndugu zake nawajua.

Jirani yetu ni Prodromos. Kati ya ua wetu na wake kuna waya tu, na yeye ndiye aliyembatiza mwanetu, ndiyo maana tukawa tunaitana kumbare, na mwanamke kumbara. Kwetu kumbare si jirani wa kupeana chumvi. Ukigombana naye, hata padri anakuangalia vibaya unapopanga foleni ya mkate mtakatifu. Lakini hawa wawili waligombana, tena kwa ajili ya nguruwe mwitu.

Walimpiga pamoja, msimu wa kuvuna zeituni, kila mmoja akaapa risasi ya kwanza ni yake. Kichwa cha nguruwe ni haki ya aliyempiga kwanza. Argyris akasema, basi, nitaitafuta risasi ndani ya nyama. Akaingia buchani peke yake na kisu chake, akatoka na risasi, na kumbe, ajabu iliyoje, risasi ilikuwa yake!

"Hongera," Prodromos akamwambia mbele ya watu. "Mchinjaji wewe, shahidi wewe, na hakimu wewe. Umebakiza kuwa padri tu."

Kuanzia hapo hawakusemeshana. Na mume wangu akimnyamazia mtu, huanza kumfikiria, na akimfikiria, humwona kila mahali.

Kwanza ilikuwa macho. Nilikuwa namnyoa shingo nikaona mabaka madogo ya manjano kwenye kope zake, upande wa puani, laini kama siagi. Nikamwambia aende kwa daktari. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu, halafu akageuka kuelekea dirishani, kuelekea nyumba ya Prodromos.

"Hilo ni jicho," akasema. "Ameniroga kwa husuda ya kile kichwa."

"Kichwa kimeshaliwa, Argyris."

"Husuda haiishi na nyama."

Akaenda kwa shangazi yake Marigo, ambaye huondoa jicho kwa matone ya mafuta ndani ya maji. Marigo alipiga miayo, ambayo kwetu ni dalili ya jicho, mpaka taya likalia, akasema ni mwanamume, tena wa karibu. Wa karibu! Katika kijiji cha watu wachache hivi, nani asiye wa karibu? Lakini mume wangu alirudi na ushanga wa buluu wa kukinga jicho aliobandika ndani ya fulana, na uso wa mtu aliyepata hukumu mahakamani.

Kisha ikaja zamu ya Aslani.

Tangu mwaka jana alikuwa na ule ugonjwa unaoletwa na usubi, ambao nusu ya mbwa wa huku wanao. Daktari wa wanyama wa mjini Kyparissia alimpa vidonge vyeupe, kimoja kila asubuhi, na Argyris mwenyewe ndiye aliyempeleka, na ndiye aliyekuwa akimpa kidonge ndani ya kipande cha jibini. Mbwa alinawiri. Lakini baada ya Pasaka tukaona anainua mguu kwenye mtini, anasimama, anasimama, na hakitoki kitu. Halafu matone. Halafu matone yenye damu. Akawa analala kivulini akitutazama kwa macho ya kuomba radhi, kana kwamba ametukosea yeye.

Hapa kwetu mbwa akiugua hakuna anayeuliza ana nini. Wanauliza nani katupa fola. Fola ni tonge la nyama lenye sumu ambalo mwoga huliacha njiani. Argyris hakuuliza hata hilo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akautazama ule waya.

Nikamwambia fola huua mara moja, haimpi mbwa nafasi ya kukonda. Akanijibu kwamba kuna sumu za polepole, na kwamba mimi najua kuoka keki tu, sijui mambo ya wanaume. Nilimnyima keki siku hiyo.

Ningemcheka zaidi kama nisingeona nilichoona. Baada ya chakula cha mchana kijiji kizima hulala. Madirisha hufungwa, hata jogoo hunyamaza, na mtu anayetembea nje saa hiyo ama ni mgeni ama ni mwizi. Mimi jino lilikuwa linanisumbua, nikachungulia kwenye upenyo wa dirisha. Prodromos alikuwa amechuchumaa kwenye waya, bila viatu, soksi tupu. Mkono wake ulikuwa umepita upande wetu, kwenye bakuli la Aslani. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaondoka akinyata, mtu mzima mwenye kitambi.

Na mimi, niliyekuwa namtetea, moyo ukaniruka. Mtu mwema huvua viatu kwa sababu gani?

Sikuhitaji kumwambia Argyris. Naye alikuwa ameona, kutoka dirisha la bafuni. Akatoka mbio na kandambili, akakuta bakuli limejaa maji hadi ukingoni, na ardhi imelowa. Akayamwaga. Akalisugua bakuli kwa siki, akalifunika juu chini.

"Umeona sasa?" Akalinyooshea bakuli kidole. "Ndani ya maji! Ndani ya maji, Areti!"

Tangu hapo ikawa kila mchana. Yule anakuja na soksi zake, huyu anamwaga. Nilisema tumwite polisi. Nilisema nitamwendea mimi mwenyewe nimuulize. Argyris akanikataza, akasema ukimshtua nyoka atabadilisha shimo. Na jioni, mkahawani, akapiga meza mbele ya kila mtu: "Aslani akifa, Kanela naye hatauona mwezi huu ukiisha."

Kanela ni mbwa jike wa Prodromos, wa rangi ya mdalasini, mpole, huwalamba hata watoza ushuru. Prodromos ni mjane. Hana mtu mwingine ndani ya ile nyumba. Nilipopata habari ya ile meza, nikaenda bandani nikalichukua kopo la dawa ya kuulia konokono, zile punje za buluu, nikalizika chini ya gunia la dengu. Nilijua mume wangu si mtu mbaya. Nilijua pia watu wazuri wakijiona wana haki hufanya mambo ambayo mbaya angeyafikiria mara mbili.

Asubuhi moja Aslani hakuinuka. Tumbo lilikuwa gumu. Argyris alimbeba mpaka kwenye pikapu kama anavyobebwa bibi harusi, amevaa suruali yake ya Jumapili, sijui kwa nini, labda kwa heshima. Alichelewa kidogo kabla ya kuwasha gari. Alikuwa ameenda nyuma ya nyumba, akarudi akifuta mikono. Nikadhani amekwenda kujisaidia.

Daktari anaitwa Danai, msichana mwembamba mwenye mikono ya mkulima. Alimchunguza Aslani kwa ile mashine ya kuona tumboni, akampitishia mpira mwembamba, akasukuma maji, akavuta. Vikatoka kwenye kibakuli cha chuma vijiwe vidogo na mchanga mchanga, vya manjano yenye wekundu, kama makombo ya mkate wa mahindi.

"Ni sumu?" Argyris akauliza. "Sema kweli, binti yangu. Nitaandika mashtaka."

"Si sumu. Nitavipeleka maabara, lakini naapa ni ksanthini."

Sisi sote watatu tunajua neno hilo linatoka wapi. Ksanthos ni manjano kwa lugha yetu, na kwetu ndivyo tunavyowaita wenye nywele za rangi ya nyasi kavu. Argyris akakunja uso.

"Unanitania, daktari? Mbwa wangu anakufa, wewe unaniletea habari za wanawake wenye nywele za manjano?"

"Wataalamu wa dunia nzima walikuja kuazima neno kwetu, bwana Argyris, si mimi. Walichokiona cha manjano wakakipa jina hilo. Kitu cha manjano kwenye majani na kwenye kiini cha yai ni ksanthofili. Na hii ni ksanthini. Vidonge vyake vinazuia ugonjwa, lakini vinaifanya hii ijikusanye mwilini. Akila chakula chepesi na kunywa maji mengi, inatoka na mkojo. Akila maini, inakuwa mawe." Akainua macho. "Si nilikuambia? Maini hapana, figo hapana, mapafu hapana. Nilirudia mara ngapi?"

Nikamgeukia mume wangu taratibu sana.

"Maini hujenga damu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mbwa mgonjwa unamnyimaje maini? Pasaka nilimwekea ya wanakondoo wote wa kijiji. Nilimlisha kwa mkono wangu. Yale mazuri kabisa, daktari. Sikuuza hata moja."

"Na wewe mwenyewe unakula?"

"Tunakula pamoja."

Danai akamkaribia, akamtazama usoni kama anavyomtazama ng'ombe. "Hizo kope zako. Zinaitwa ksanthelasma. Neno lile lile, bamba la manjano. Kwa wengi ni mafuta yamezidi katika damu. Nenda kwa daktari wa binadamu wiki hii."

Mkono wa Argyris ukaenda kifuani, pale alipobandika ushanga.

"Mbwa atapona nikimfanyia upasuaji leo," Danai akaendelea. "Lakini nieleze kitu kimoja. Mkojo wake ni mzito kupita kiasi. Hapewi maji?"

Nilikuwa naona soksi za Prodromos, na bakuli lililojaa hadi ukingoni, na kandambili za mume wangu zikikimbia kwenda kulimwaga. Naye aliyaona hayo hayo. Alianza kupauka kutoka kwenye paji la uso kushuka chini.

"Areti," akasema. "Twende."

"Kuna nini?"

"Lile kopo nililiona chini ya dengu. Nimezitia punje nyamani, nimetupa asubuhi. Tonge. Kwenye kijia anachopita Kanela."

Sikumpiga. Nilitaka kumpiga, na mkono wangu ulikuwa umeshainuka, lakini kupiga kungetuchelewesha. Tukamwachia Danai mbwa ampasue, tukaondoka.

Sijawahi kuiona pikapu ile ikikimbia vile. Kwenye kona ya kanisa akasema: "Niliweka kumini." Nikadhani amechanganyikiwa. Baadaye nikaelewa. Mama yake alitoka Smirna, ambako kila nyama hutiwa kumini, ile bizari nyembamba, na mtu huyu hawezi kusaga nyama bila kuitia, hata ya kuulia.

Ilikuwa saa ya kulala tulipofika. Madirisha yote yamefungwa. Argyris akaenda kwa magoti chini ya mizeituni, na suruali yake ya Jumapili, akipapasa nyasi, akigeuza mawe, akiita kwa kunong'ona, "Kanela, Kanela, njoo mama." Tonge halikuwapo. Alipofika mwisho wa kijia akarudi mwanzo akapapasa upya. Nilisimama pale nikasali, na nilimsalia mbwa kuliko nilivyowahi kuwasalia baadhi ya jamaa zangu.

Mlango wa Prodromos ukafunguka. Alitoka na soksi, ndoo mkononi, na nyuma yake Kanela, akitikisa mkia. Mimi nilikaa chini palepale kwenye vumbi.

Prodromos aliweka ndoo, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Ndani kulikuwa na tonge la nyama lililokatwa katikati, na punje za buluu.

"Unatafuta hii, kumbare?"

Argyris alikuwa bado yuko magotini.

"Alikuja nayo mdomoni," Prodromos akasema. "Huyu hali kitu nje bila kuniletea kwanza, nilimfundisha hivyo tangu mdogo. Nikanusa. Kumini. Nikasema, yupo mmoja tu." Akakunja karatasi. "Nilikuwa naenda polisi. Nikavaa hata koti. Halafu nikakumbuka Aslani hajapewa maji."

"Kwa nini hukusema?" nikauliza mimi, maana mume wangu hakuweza. "Michana yote hiyo, kwa kunyata kama mwizi!"

"Ningesemaje, kumbara? Hatusemeshani. Yule mbwa wangu wa zamani, Turko, alianza vivyo hivyo, anainua mguu hakitoki kitu. Kwenye bakuli lenu kila nikitazama ni pakavu, limefunikwa juu chini. Nikasema wana shida zao, wamesahau." Akamtazama Argyris. "Sikuja kukusamehe. Usidhani. Nataka kujua, mbwa yukoje?"

"Mawe," Argyris akasema. "Anapasuliwa. Anahitaji maji."

Akajivuta mbele kwa magoti yale yale mpaka kwenye ndoo. Akaingiza mikono yote miwili, akateka, akanywa. Akateka tena. Maji yalimwagika kwenye shati, kwenye ushanga, na alikuwa akilia na kunywa kwa pamoja, bila kuinua kichwa, kama mtu aliyeamriwa amalize yote.

Prodromos alimwacha kwa muda. Kisha akaivuta ndoo kidogo kuelekea upande wake.

"Basi, kumbare," akasema. "Hayo ni ya mbwa."