Kioo Chako, Karatasi Yangu

Kiganja chake kilitulia juu ya kifuniko cha mashine kama cha mtu anayepima homa ya mtoto. Alikuwa akingoja mtikisiko. Mdogo wake alishasema, "Nimebonyeza chapisha, dada," kisha akatoka kupokea simu, na tangu hapo mashine ilikuwa kimya na baridi, imenuna kama mkwe aliyekosewa adabu.

Mashine ile ilichapisha nukta nundu. Kwa miaka iligonga karatasi nene kwa kishindo ambacho wapangaji wa chini walishakata tamaa kukilalamikia, na wanafunzi wa shule ya wasioona wakapata vitabu vya kusoma kwa vidole. Yeye mwenyewe hakuona tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kusahihisha, na hakuna ukurasa ulioshonwa kabla ya kupita chini ya vidole vyake. Mdogo wake alikaa kwenye kompyuta. Wanafunzi, ambao ulimi wao hauna breki, waliwabatiza Vidole na Macho, na majina yakawaganda.

Mkataba wao haukuandikwa popote: kioo chako, karatasi yangu. Wenzake walikuwa na kompyuta zinazowasomea kwa sauti. Yeye alisema anayo ya kwake, tena inajua kupika chai. Kioo cha kompyuta kimeandika nini, aliuliza mara moja tu, na alichojibiwa ndicho kilichokuwa.

Kompyuta yao ya zamani ilikuwa kikongwe. Ilipowashwa ilikohoa, ilipozimwa ikashusha pumzi, na Macho hakuisha kuisema. Ilipoletwa mpya, wiki iliyopita, Vidole alikuwa na hofu moja tu.

"Itaelewana na mashine?"

"Itaelewana. Nimejaribu."

"Nataka kusikia."

Macho akazunguka upande wa mashine, na punde ikanguruma. Kishindo kirefu, kituo, vishindo vitatu vya haraka, kituo, kishindo kirefu tena. Vidole alicheka kwa raha, akanyoosha mkono apewe karatasi. Macho akasema imekwama, imechanika, haina maana. Mkono ukarudi. Asipomwamini huyu, angemwamini nani?

Leo walikuwa waanze kitabu cha sayansi. Shule nzima ilikuwa na nakala moja, watoto wakinyang'anyana, na nukta zake zilikuwa zimelala kwa kupapaswa, hata moyo wa binadamu ukawa unasomeka nusu. Vidole alikuwa amemwahidi mwalimu wao kwa kinywa chake. Na mashine haikutikisika.

Macho alirudi, akabonyeza tena, akaguna. "Umri, dada. Mashine nayo ikichoka imechoka."

"Wiki iliyopita haikuchoka."

"Wiki iliyopita ni wiki iliyopita. Tuikubali tu."

Neno hilo, tuikubali, lilikuja upesi mno. Vidole alipapasa ukuta mpaka mlangoni, akamwita fundi wa kompyuta wa chumba cha pili, binti aliyetafuna ubani mchana kutwa. Nyuma yake Macho alisema, "Ya nini kusumbua watu?" lakini binti alikwishaingia.

Fundi alibonyeza hapa na pale. "Programu yenu imefunguka vizuri tu, mama. Nukta zote zipo kwenye kioo. Tatizo ni kwamba kichakataji cha hizi mpya, yaani ubongo wake, ni cha aina nyingine kabisa. Programu za zamani zinapewa kitu kama mkalimani, zinajikokota. Lakini kiendeshi, kile kinachoongea na mashine yenyewe, hakina mkalimani. Lazima kiandikwe upya, na waliotengeneza mashine hii walishaiacha."

"Basi wiki iliyopita ilichapishaje?"

"Kwa kompyuta hii?" Ubani ulisimama. "Haiwezekani, mama."

"Niliisikia kwa masikio yangu."

"Ngoja kwanza tuone kama mashine ni nzima." Fundi akachomoa waya, akaweka karatasi, akabonyeza kitufe ubavuni.

Mashine ikanguruma. Kishindo kirefu, kituo, vishindo vitatu vya haraka, kituo, kishindo kirefu tena.

Vidole alisimama wima. Karatasi ilipotoka aliipapasa. Herufi zote kwa mpangilio, kisha tarakimu, kisha herufi tena. Hapakuwa na neno hata moja.

"Hii ni nini?"

"Karatasi ya jaribio. Mashine inajichapishia yenyewe, mama, haihitaji kompyuta. Si unaona, waya nimeuchomoa."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kwanza kitakutilia sukari kwenye chai na kukukumbusha koti mvua inaponyesha. Vidole alihisi hasira ikimpanda kutoka magotini. Uongo wa maneno angeusamehe kabla ya jioni. Nani hajamdanganya dada yake? Huu ulikatwa kwa kipimo chake, kama nguo. Macho alijua kwamba yeye huamini kwa sikio, akaenda kumdanganya huko huko.

"Ulijua," alisema.

"Aliyeniuzia aliniambia."

"Ya zamani iko wapi?"

"Niliwapa watu wa vyuma chakavu."

"Kwa nini?"

"Ili usiniambie niirudishe."

Chini barabarani muuza mitumba alikuwa akipiga kelele za bei. Macho akavuta kiti lakini hakukaa.

"Nimechoka, dada. Tangu mdogo mimi ni macho ya mtu. Nimepata kazi pengine, mwezi ujao naanza. Nilitaka mashine ife yenyewe, tusilaumiane."

"Ungesema."

"Ungelia."

"Ningelia," alisema Vidole, "halafu ningekuaga vizuri."

Fundi, ambaye sasa angelipa apate pa kujificha, alipiga magoti akarudisha waya ulikotoka. "Mama," alisema taratibu, "kompyuta za zamani zenye kichakataji kile kile bado zipo. Watu wanazifungia stoo tu. Nikikupatia moja, mashine itafanya kazi." Kompyuta ikalia mlio mfupi.

Macho aliinama mbele ya kioo kabla hajaombwa. Vidole alisikia pumzi yake ikisogea, ile ile aliyoizoea maisha yake yote, na sauti ile ile isiyo na haraka.

"Inasema kiendeshi hakikupatikana. Inauliza tuendelee au tuache."

"Asante," alisema Vidole.

Vidole vyake vilikuwa bado juu ya karatasi ya jaribio, vikienda mwisho wa mstari na kurudi. Aliikunja mara moja, akaiweka mfukoni. Kisha akageuza uso kuelekea kule kulikotoka harufu ya ubani.

"Binti," alisema, "hebu nisomee kioo na wewe."