Usigeuke Nyuma

Hii ilikuwa hospitali ya tatu tangu asubuhi, na Anastazia alikuwa amechoka kuambiwa meiyou, neno la Kichina la hakuna. Mdogo wake Protas alikuwa akisoma hapo mjini Guangzhou kwa ufadhili, na alikuwa na bima ya serikali. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa, lakini kila walikomuulizia daktari wa moyo anayepokea bima hiyo, walifukuzwa kama mbwa koko.

“Meiyou,” akasema mwanamke wa dirishani, bila hata kuigusa kadi.

“Muulize tena,” Anastazia akafoka.

“Dada, nimemuuliza mara mbili.”

“Sasa hicho Kichina chako cha chuo kikuu ni cha kazi gani?”

Protas akaweka mkono kifuani. Anastazia akaitia kadi mkobani. Miaka tisa alikuwa akinunua nguo za jumla katika soko la Sanyuanli, na kule kila bosi wa duka hukwambia meiyou mpaka umpe mgongo. Ukifika mlangoni, anakuita mwenyewe.

“Tunaondoka,” akasema. “Tembea polepole, na usigeuke nyuma.”

“Hapa si sokoni.”

“Tembea.”

Wakatembea. Walipoukaribia mlango, sauti ya yule mwanamke ikasikika nyuma yao, kali, ikiita. Anastazia akacheka kwa dharau.

“Sikukwambia? Haya, anasemaje?”

Protas alikuwa ameegemea ukuta, jasho likimtiririka.

“Anamwita aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni.”