Telegramu Katika Aproni

Mzee Purkiss wa getini ndiye aliyeileta telegramu, saa tatu asubuhi. Mwenye nyumba anakopanga mchekeshaji Wilf Ormerod kaipokea na kuileta huku studioni, alisema, akaondoka upesi kabla hajaulizwa zaidi. Clifford, mwana pekee wa Wilf, alikuwa Ufaransa, ambako jeshi lote lilikuwa limesukumwa mpaka baharini. Juni ile ya 1940 hakuna aliyepokea telegramu kwa furaha.

Enid Pargeter alikuwa mtunza mavazi wa studio ya filamu. Kazi yake ilikuwa pasi, pini na vifungo. Angempelekea Wilf bahasha yake yakaisha, lakini akataka ushauri kwanza, akaenda kwa mwongozaji, Bwana Haddow. Hapo ndipo alipojipalia makaa.

"Usimpe," alisema Haddow. "Jumba letu la mizimu tulilojenga humu studioni linabomolewa saa saba, wenzetu wanaingia kupiga filamu yao. Limebaki tukio la ngazini tu. Ukimpa sasa hatuna mchekeshaji, tuna mfiwa."

"Na kama ni habari njema?"

"Wewe mwanamke, umeona wapi telegramu ya habari njema mwaka huu?"

Enid akaitia bahasha katika mfuko wa aproni. Alijichukia, lakini aliitia.

Wilf akaja kufungwa tai. Alikuwa na uso wa mviringo, ambao watu wa kwao Lancashire waliucheka hata kabla hajafungua mdomo.

"Getini hakuna kitu, Enid?"

"Hakuna."

"Hata kadi?"

"Simama wima, Wilf, nitakuchoma."

"Purkiss kanikwepa leo. Kaniona kama bili ya daktari."

"Purkiss huyo! Akishapiga glasi zake mbili za pombe humkwepa hata mkewe."

Wilf akacheka kidogo, akamtazama kidogo zaidi ya kawaida, akaenda zake.

Taa nyekundu ikawaka, mlango ukafungwa. Katika filamu Wilf alikuwa fundi bomba aliyelala katika kasri la bwana mkubwa. Anashuka ngazi na mshumaa, utando wa buibui uliotengenezwa kwa gundi unamnasa masikioni. Nyuma yake vazi la chuma la askari wa kale linanyoosha mkono, linamgusa bega. Fundi anadhani ni mkewe. Hageuki. Anaanza kuligombeza kwa kumpa chai iliyopoa tangu siku ya arusi. Wapiga picha walikuwa wameuma leso wasiharibu sauti.

Mara ya kwanza taa ikapasuka. Mara ya pili kofia ya chuma ikaporomoka ngazini. Kila waliporudia, Wilf alimtazama Enid, na mkono wa Enid ukakimbilia mfukoni wenyewe. Anachekesha watu juu ya maiti ya mwanawe, aliwaza, na mimi ndiye niliyemfungia tai.

Mara ya tatu Wilf aligeuka, akaliona lile vazi la chuma, akazimia taratibu huku akijaribu kulisalimia kwa mkono, kwa adabu.

"Kata! Tumeipata!" alipiga kelele Haddow.

Enid alipanda ngazi akampa. Wilf aliiona bahasha, akakaa chini puu. Watu wakaangua kicheko, wakidhani bado anaigiza.

"Nisomee," alisema.

Enid akapasua. "NIMEFIKA DOVER MZIMA. NINA NJAA. CLIFF."

Dover, bandari ya Uingereza! Wilf alilia kwa sauti. Walipoelewa, wakamshangilia, kofia zikarushwa, mtu akaleta chai yenye wiski. Haddow akambusu Enid shavuni. "Si unaona? Mwisho mwema!"

Baadaye, katika chumba cha mavazi, Wilf akauliza, "Ilifika saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Kabla sijakuuliza."

"Kabla."

Hakufoka. Laiti angefoka.

"Purkiss kanikwepa, wewe ukawa unashikashika mfuko. Sikuwa kipofu. Pale ngazini nilimzika mwanangu mara tatu, Enid. Na mara zote tatu nilimfufua. Unajua kwa nini? Nilijiambia, mbona Enid kasema hakuna."

Enid akanyoosha mikono kumfungua tai, kama alivyozoea. Wilf akarudi nyuma hatua moja, akaanza kuhangaika nayo mwenyewe.